Ufa Uliomezwa na Wastani

2 Machi

Baba Kibonge mpenzi,

Usishangae kuona karatasi. Kwenye simu huwa unanishinda. Nikianza kueleza jambo unasema uko kikaoni, mtoto anaangua kilio, mtandao unakatika, na mwisho wa yote tumezungumza meno ya mtoto tu. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Dereva wa vipuri amekubali kuwa anabeba barua zetu kila akija huku kwenye visima vya mafuta na kurudi huko makao makuu. Ameapa hatazisoma. Nimemwambia akisoma shauri yake, nimejaza habari za nepi.

Sasa sikiliza. Kisima chetu cha maji kimeanza kunuka. Si tope, tope nalijua. Ni kama yai viza limepasukia kwenye utambi wa taa. Nikijaza ndoo ikatulia, juu yake panajitanda kitu chenye rangi rangi kama shingo ya njiwa. Nikikichota kwa kikombe kinajikunja, kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Juzi nilitapika palepale kisimani, na kabla hujauliza: sina mimba, nimepima.

Mama yako, unamjua, anasema ni mimi. "Mkwe wangu, umeweka mafuta ya taa karibu na sukari." Nikamwambia mama, nyumba hii haijawahi kuona mafuta ya taa tangu tuhamie. "Basi ni mikono yako," akasema. Nikampikia chai nyingine kwa sufuria mpya. Alipiga funda moja akalitema kiganjani. Tangu hapo hasemi tena habari za mikono.

Na wewe, huko unafanya nini hasa? Dobi wa mtaa wa juu aliniuliza, nikamjibu unachora mawe. Alicheka mpaka akashika pasi kwa kujiegemeza. Nieleze vizuri, kama unamweleza mtu aliyeishia kidato cha nne na tangu mwaka jana hajalala usingizi ukamtosha.

Ni mimi,
Mama Kibonge


11 Machi

Mke wangu kipenzi,

Barua yako inanukia maziwa. Nimeinusa mpaka jirani yangu wa meza ya pili akaniuliza kama nina mafua.

Kazi yangu hii hapa. Chini ya mji wenu, mbali sana, kuna mwamba wenye mafuta, na juu yake tabaka la udongo wa mfinyanzi, kama mfuniko juu ya sufuria. Mafuta yakitoka hutoka na maji machafu ya chumvi. Maji hayo tunayarudisha chini kwa pampu ili yasukume mafuta yaliyobaki. Sasa kabla ya kusukuma lazima tujue kwa kompyuta maji yatakwenda wapi. Mwanajiolojia wetu, dada mmoja tunamwita Mama Mawe, ameugawa mwamba wote katika vyumba vidogo vidogo, mamilioni, kila kimoja na namba yake: hapa maji yanapita upesi, hapa yanapita kwa taabu, hapa hayapiti kabisa. Kompyuta ukiipa vyumba vyote hivyo inakoroma siku nenda siku rudi na haimalizi.

Hapo ndipo ninapoingia mimi. Nachukua rundo la vyumba vidogo, nalifanya chumba kimoja kikubwa, nakipa namba moja, wastani wa wote. Mwamba ni uleule, ila umekuwa mwepesi. Tukiuendesha asubuhi, kabla ya chakula cha mchana tumepata jibu.

Juzi Mama Mawe alinijia juu. Alikuwa amechora ufa mwembamba kama uzi, unaukata ule mfuniko wa udongo kule mtaa wa juu, nyuma ya tangi bovu. Vyumba vyenye ufa vilikuwa vichache mno. Nilipovichanganya na majirani zao, ufa ukapotea. "Umeumeza ufa wangu!" akapiga kelele. Nikamwambia, dada, nimeumeza na maji. Ofisi nzima ilivunjika mbavu.

Bosi amependa sana. Mwisho wa Aprili kuna kikao cha kuamua kama pampu iongezwe nguvu, na modeli yangu, huo mwamba wa kwenye kompyuta, ndiyo itakayosimama mbele yao. Ikipita, nahamishiwa ofisi ya huko kwetu. Nitakuwa narudi nyumbani kila jioni, Mama Kibonge. Fikiria.

Hayo maji chemsha. Pengine kuna mtu amemwaga dizeli.

Mumeo,
Baba Kibonge


19 Machi

Baba Kibonge,

Nimechemsha. Harufu ilitoka sufuriani ikaingia kwenye mapazia, kwenye mito, kwenye nywele za mtoto. Sasa nyumba nzima inanuka kama shimo la gereji. Asante kwa ushauri.

Yale makunjo ya mapaja ya Kibonge uliyokuwa ukiyabusu yamechubuka. Nikiyafunua kumpangusa, ndani pamelowa, pekundu kama nyanya iliyomenywa, na kuna majimaji yananata kidoleni. Halii tena kwa sauti, anakwaruza tu. Nesi alinusa nguo zake akageuza uso. "Mama, unamwogesha kwa kitu gani?" Nilisema maji. Nilijisikia kama nimesema uongo.

Dobi naye kazi imesimama. Shuka nyeupe za watu zimetoka na rangi ya mkojo, na ukizikunjua zinaachia mafuta mkononi. Mwenye nyumba ya wageni amemtupia shuka zake mlangoni.

Ndipo kampuni yenu ikaleta wapimaji, vijana wawili wenye glavu. Tukafurahi. Wakachota kisima cha mwalimu mstaafu kule bondeni, ambacho hakina neno mpaka leo. Wakachota chetu. Wakachota cha dobi, ambacho hata mbwa koko hawakigusi. Halafu yule mwembamba akaniomba beseni. Nikampa la Kibonge, nikidhani anataka kunawa. Akamimina yote matatu humo, akakoroga, akajaza chupa moja, akaifunga.

"Mwanangu, mbona unachanganya?"

"Tunatafuta wastani, mama."

Alitamka kama mtu anayesema anatafuta chumvi. Jibu limeshabandikwa kwenye geti la kampuni: maji ya mji yako ndani ya kiwango. Maji ya mji! Nani anakunywa maji ya mji? Kila mtu anakunywa ya kisima chake.

Beseni nimelisugua kwa mchanga. Bado linateleza.

Nilikaa nikaisoma upya barua yako. Dobi yuko mtaa wa juu, nyuma ya tangi bovu. Mimi mambo ya mawe siyajui, nauliza tu. Ule ufa ulioumeza na maji uko wapi?

Mama Kibonge


25 Machi

Mama Kibonge,

Nimesikitika sana kusikia habari za mtoto. Mnunulie maji ya chupa ya kuogea, nitajua la kufanya.

Kuhusu ufa, usiupe uzito. Ule ni mchoro tu. Mama Mawe anauona kwenye mistari ya mitetemo ya ardhi iliyopimwa na mashine, hakuna binadamu aliyeshuka akaushika. Na wastani si uongo, ni sayansi, duniani kote wanafanya hivyo. Bila kuchanganya vyumba hakuna kampuni ingejua chochote.

Nakuomba jambo moja. Usizungumze haya na dobi wala mwalimu. Modeli ni siri ya ofisi. Bosi alimwona Dereva akinikabidhi bahasha, akatabasamu, akasema, "Mke wako anakuandikia sana." Sikulipenda tabasamu lile. Tumebakiza mwezi mmoja tu, mke wangu. Tuvumilie. Subira yavuta heri.

Mumeo


30 Machi

Baba Kibonge,

Kwenye begi la Dereva utakuta chupa imefungwa mifuko miwili. Ni maji ya dobi, hayakuchanganywa na kitu. Usiifungulie chooni. Ifungulie mezani kwako, hapo unapotafutia wastani. Ukipenda wapikie wenzako chai, na kikombe cha kwanza mpe Bosi anayejua kutabasamu.

Unasema ni mchoro tu. Kibonge naye alikuwa mchoro tu kwenye kile kioo cha hospitali, doa jeupe kama punje ya harage, na wewe uliyasahau mawe yako yote ukalia mbele ya daktari. Hukumwambia daktari kwamba hakuna binadamu aliyeshuka akamshika.

Halafu wastani. Mimi na wewe tupigiwe wastani basi: mmoja ananuka mafuta mpaka kwenye maziwa ya kunyonyesha, mwingine huko amejipulizia manukato. Tukichanganywa, nyumba yetu haina harufu. Umeona? Tatizo limekwisha. Mtoto amepona.

Na hiyo subira usiniandikie tena. Heri inavutwa kwa subira ya mwenye kuumia, si kwa subira ya anayeangalia.

Mimi sikukatazi kazi. Changanya vyumba vyako vinavyofanana, sawa, nimekuelewa, mwamba ni mkubwa na mashine inachoka. Lakini ufa haufanani na majirani zake. Urudishe mahali pake, kwa ukubwa wake, kabla ya kikao. Nakwambia kwa upole kwa sababu bado nakupenda. Na nakwambia mara moja.

Mama Kibonge


9 Aprili

Mke wangu mpenzi,

Chupa nimeifungua. Madirisha yote ya ghorofa yalifunguliwa, na jirani yangu wa meza ya pili alikimbia na sahani yake ya chakula. Mikono yangu nimeiosha kwa sabuni, kwa ndimu, hata kwa dawa ya meno, na bado.

Sasa habari njema. Nilikwenda kwa Bosi, nikafunga mlango, tukaongea kama wanaume. Nilimwambia ufa lazima urudi. Mwanzo alikataa, akasema tukiuacha ulivyo kikao hakitapita. Tukavutana, mwisho tukakutana katikati. Ufa umerudi kwenye modeli! Ila namba yake tumeipunguza nusu, kwa hiyo maji yanapanda kidogo tu, tena baada ya miaka mingi, na pampu itaongezwa nusu ya nguvu iliyopangwa. Kila upande umepata chake.

Mama Mawe haongei nami, lakini yeye ndivyo alivyo, anajua kununa.

Najua utafurahi. Juni nitakuwa nyumbani.

Mumeo akupendaye


13 Aprili

Wewe,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimepiga magoti mbele ya beseni, nampangusa mtoto. Nilipofika kwenye "nusu" ilibidi niiweke chini nikanawe, na cha kunawia ndicho kilekile.

Nilidhani kitu kinachonitia kichefuchefu zaidi mwaka huu ni ule utando wa kisimani. Kumbe ni kukuona unakuja kwangu mbio, umejaa furaha, kama paka aliyeleta panya kitandani. Umeukuta ukweli mkononi, na uongo kwa Bosi, ukavimimina kwenye beseni moja, ukakoroga, ukaniletea chupa. Mpaka kinyaa changu umekitafutia wastani!

Ufa una nusu gani? Mlango ulioachwa wazi mwizi anaingia mzima, haishii kiunoni. Maji machafu hayakusoma makubaliano yenu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, wewe umeuziba kwenye kompyuta, na ukuta tunaujenga sisi huku kwa ngozi ya mtoto.

Mama yako aliniomba nimsomee kwa sauti. Sikuficha neno. Nilipomaliza akasema, "Huyu nilimnyonyesha maziwa matupu. Sikumchanganyia maji hata siku moja." Akainuka akaenda kupanga nguo zake. Mambo ya mikono yangu ameniomba radhi, nami nimemsamehe, maana yeye aliponusa aliamini.

Keshokutwa tunaondoka kwenda kwa dada yangu, mimi, Kibonge na mama yako. Huko maji yanatoka mlimani, mtoto atakauka. Sikukimbii. Mtu anayekimbia hatoi anwani, na yangu unaijua. Ila sitakaa kwenye nyumba inayonuka nikimsubiri mtu anayekuja nusu.

Usinijibu kwa maneno. Maneno unayo mengi.

Mama wa Kibonge


27 Aprili

Mama Kibonge,

Najibu kwa maneno kwa sababu Dereva hawezi kubeba kitu kingine. Nisamehe hilo.

Barua yako niliisoma mara moja, nikaikunja, nikaenda kwa Mama Mawe. Hakuniuliza kitu. Alisogeza kiti. Tuliiondoa ile nusu. Vyumba vinavyouzunguka ufa tuliviacha vidogo vilevile alivyovichora yeye, bila kuvichanganya na chochote, tukavikuza vile tu vya mbali vinavyofanana. Kompyuta ilikoroma kweli. Tuliiacha ikorome. Kila asubuhi Bosi alipita akiuliza mbona haijamaliza, nami nilisema mwamba ni mzito.

Jana kwenye kikao niliionyesha. Maji yanajikusanya chini ya mfuniko, yanautafuta ufa, yakishaupata hayageuki, yanapanda kama moshi kwenye dohani. Kwa dobi kwanza. Halafu kwetu. Hayasubiri miaka mingi, mke wangu. Kwenye modeli yameshafika. Mmoja akauliza hilo doa ni nini, nikasema ni bafu la nyumba yangu. Nikaiweka ile chupa juu ya meza. Sikuifungua, wala haikuhitajika, mifuko yote miwili imeshashindwa.

Bosi akasimama akasema, kwa sauti tamu, kwamba kwa kuwa kuna modeli mbili, yake ile ya nusu na yangu, busara ni kuchukua wastani.

Nikasema hapana. Mle ndani sijawahi kulisema neno hilo. Lilitoka dogo, nikalirudia.

Pampu haitaongezwa nguvu, uamuzi umeahirishwa mpaka wapimaji warudi wapime kila kisima peke yake. Hilo limeandikwa na kutiwa saini. Lakini pampu iliyopo bado inasukuma, sitakudanganya. Na mimi nimeambiwa nikusanye vitu vyangu. Ofisi ya kwetu nyumbani imekwenda na maji. Mama Mawe wamembakiza, kwa kuwa mtu mwingine wa kusoma mawe hawana, naye amesema safari hii ufa ataulalia mlangoni.

Nakuja nyumbani na Dereva Alhamisi. Sijui kama nakaribishwa. Nikiinua mkono kula, bado naisikia ile harufu.

Baba wa Kibonge


2 Mei

Baba Kibonge,

Barua hii utaikuta mezani. Nimefika asubuhi na basi la kwanza, narudi na la mchana, Kibonge nimemwacha kwa bibi yake. Makunjo yamekauka. Yamebaki na alama kama ramani, utaziona.

Ufunguo umeupata kwa dobi kwa sababu nilimwachia makusudi. Kama umeupokea ukapita haraka, rudi. Kaa kwenye benchi lake umweleze mambo yote, ulipoumeza ufa na ulipoutapika. Anzia mwanzo ufike mwisho. Usimchukulie wastani.

Nilipokuwa nafagia nimeisikia pampu kule ng'ambo, inaguna kama mtu aliyevimbiwa. Kwa hiyo hatujashinda, nawe usije na kifua mbele. Wapimaji wakirudi nitakuwepo, na beseni siwapi.

Sikukuandikia kwamba nimefurahi. Nilikuwa na kinyaa nawe, na kinyaa hakitoki siku moja, hata kwa ndimu. Lakini lile hapana la pili, lile ulilolirudia, nimemsomea mama yako mara tatu, na mara zote ni yeye aliyeomba.

Bafuni kuna ndoo mbili. Ya kijani ni ya kisima chetu, nimeichota leo. Iinamie, uinuse mpaka ushindwe, usiseme kitu. Nyekundu ni maji ya mlimani, nimeyabeba kwenye basi nimeyapakata kama mtoto, abiria wenzangu wakinicheka. Hayo uoge, usugue mikono, halafu njoo kwa dada. Chakula kitakuwepo.

Usizichanganye.

Mama Kibonge